Makasha, Boriti na Majina: Maskati na Mwambao katika Maonyesho ya Marekani

Mwaka 2017 Makumbusho ya Sanaa ya Krannert, yaliyo chini ya Chuo Kikuu cha Illinois, yalifungua maonyesho yaliyopewa jina la "World on the Horizon", yaani ulimwengu ulioko kwenye upeo wa macho. Yalihusu sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi. Mji wenyewe, Champaign, umezungukwa na mashamba ya mahindi, na mtu akitaka kuona maji ya chumvi kutoka huko basi ajitayarishe kwa safari ndefu. Mwaka uliofuata maonyesho yalihamia Washington, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Afrika ya Smithsonian, kisha yakavuka bara zima hadi Makumbusho ya Fowler, Los Angeles, yakakaa huko mpaka mwanzoni mwa 2019. Waandaaji wake, Prita Meier na Allyson Purpura, walikusanya mbao za nakshi, misahafu ya khati za mkono, fanicha, nguo, vipambo na picha za zamani. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalikopesha vitu vyake, na Bait Al Zubair ya Maskati nayo ikakopesha. Kwa wageni wengi wa Marekani ilikuwa ni mara ya kwanza kuviona.

Sisi tulibahatika kuyaona yalipokuwa Washington. Tumeona maonyesho mengi katika umri wetu, na mengi katika hayo humpeleka mtazamaji chumba kwa chumba kama anayepita vituo vya forodha: hapa Arabuni, pale Afrika, mbele kidogo Bara Hindi. Waandaaji hawa walikataa njia hiyo. Hawakutaka kuuliza lile swali lililotuchosha, hiki ni cha Mwarabu au cha Mwafrika. Waliuliza kitu kilipita mikono gani, kikatumiwa vipi, na kikawa na maana gani kwa aliyekuwa nacho. Tunawashukuru kwa hilo. Lakini kuna jambo ambalo makumbusho peke yake hayawezi kulifanya, nalo limo ndani ya nyumba zetu, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kwanza tukumbushe kwamba vitu vya Maskati na vya Unguja vilikwisha kufika Marekani katika safari moja kabla ya hapo, tena kwa miaka mia na sabini na zaidi. Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe wa upande wa pili akiwa Edmund Roberts. Mwaka 1837 balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja. Ndipo mwaka 1840 Sayyid Said alipompeleka Ahmad bin Naaman Al-Kaabi New York kwa merikebu Sultana, iliyoundwa Bombay. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, na watu wa mji wakamiminika bandarini kuitazama merikebu na mabaharia wake. Kama lile halikuwa onyesho, basi neno hilo halina maana.

Mwanadiplomasia wa Kimarekani Hermann Eilts aliiandika khabari ya safari hii kwa urefu mwaka 1962, na orodha ya shehena aliyoitoa inastahili kusomwa polepole. Kutoka Maskati: magunia 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Kiajemi, marobota 100 ya kahawa ya Mokha. Kutoka Unguja: pembe 108 za ndovu, makasha 81 ya sandarusi, magunia 135 ya karafuu, ngozi kavu 1,000. Juu ya hayo zilikuwapo hidaya za Rais Martin Van Buren, miongoni mwake farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali na upanga. Katiba ya nchi yake haimruhusu Rais kujipokelea zawadi ya mfalme, kwa hivyo jambo likapelekwa kwenye Bunge, na Bunge likaamua zipokewe kwa niaba ya serikali. Farasi wakapigwa mnada. Baadhi ya hidaya zikaishia katika hazina ya Smithsonian, taasisi ile ile ambayo baadaye iliyapokea maonyesho tunayoyazungumzia. Merikebu ilitengenezwa upya na jeshi la majini la Marekani katika karakana ya Brooklyn bila ya malipo, na mwezi wa Agosti ikaanza safari ya kurudi, imepakia nguo za pamba, shanga, bunduki na baruti. Ahmad bin Naaman mwenyewe alichorwa na msanii Edward Mooney. Sura yake, na kilemba chake, imo hadi leo katika makumbusho ya Salem.

Wenye kuisimulia safari hii katika mikutano yetu hupenda kuishia hapo, kwenye farasi na lulu. Sisi tunaomba turudi kwenye shehena. Zile pembe 108 hazikutembea zenyewe kutoka bara mpaka forodhani. Zilichukuliwa mabegani na vichwani na watu, mwendo wa miezi. Karafuu za miaka ile zilichumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja, nao hawakulipwa. Karani aliandika idadi ya magunia na bandari yalikopakiwa, basi. Na upande wa pili wa bahari mambo yalikwenda vivyo hivyo: katika jimbo la Connecticut uko mji uitwao Ivoryton, yaani mji wa pembe, ambao pamoja na jirani yake Deep River ulitajirika kwa kukata pembe za ndovu na kuzifanya vibao vya piano, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka Unguja. Binti wa Boston aliyejifunza piano mwaka 1880 aligusa mali ya Unguja kila siku na asijue. Naye mwanamke wa Tabora alijifunga nguo ya pamba aliyoiita merikani, jina la nchi asiyoijua. Uhusiano wa nchi za bahari mara nyingi ni wa namna hiyo: vitu hujuana kabla ya watu kujuana.

Katika orodha ile ya 1840 Maskati na Unguja ni bandari mbili za mwenye mali mmoja. Kugawika kulikuja baadaye. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akiwa njiani baina ya hizo mbili, wanawe wakagombana, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza kule India, akakata shauri: Sayyid Majid awe na Unguja, Sayyid Thuwaini awe na Maskati, na Unguja ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Kwa hivyo tunapoona katika makumbusho kibao cha "Oman" na kando yake kibao cha "Zanzibar" juu ya vitu vya zamani kuliko 1861, tujue kwamba mpaka uliowekwa na mwamuzi wa Kiingereza unarudishwa nyuma kwa wakati ambao haukuwako.

Hata hivyo, na hapa tunajua baadhi ya rafiki zetu watanuna, hii si hoja ya kuufanya Mwambao wote uwe mali ya Oman. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, na Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani wa Kiislamu na mji wenye shughuli zake. Hapo bado karne kadhaa kabla ya Albusaidi. Aliyekuja alikuta watu na mji na lugha. Wale wanaosema kila kizuri cha Mwambao kililetwa na dau kutoka kaskazi wamekosea, na wale wanaosema hakuna kilicholetwa, au kwamba kilicholetwa ni dhulma tupu, wamekosea pia. Tumekaa katika mabaraza ya aina zote mbili, Maskati na kwengineko, na tunaona kila upande unakisoma kitabu kimoja kwa kuanzia ukurasa unaoutaka.

Tena mizigo haikwenda upande mmoja. Chukua boriti. Majahazi ya Sur na ya Ghuba yalishuka na kaskazi, yamepakia tende, chumvi na papa mkavu, yakasubiri, na kusi ilipoanza yakarudi na boriti za mikoko kutoka Lamu na kutoka delta ya Rufiji. Nchi ya jangwa haina miti mirefu iliyonyooka, na boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa haiwezi kwa urahisi. Huko Ghuba wakaiita chandal. Basi anayeingia nyumba ya kale ya Maskati, au ya Bahrain au ya Kuwait, akainua kichwa, anatazama msitu wa Mwambao. Na kwa kuwa boriti ina kipimo chake, haivuki upana wa zaidi ya mita tatu hivi bila ya kupinda, vyumba vya huko vikawa vyembamba na virefu, sawasawa na vyumba vya nyumba za mawe za Lamu. Mti mmoja ulivipima vyumba vya nchi mbili. Kwetu sisi huo ni ushahidi mzito kuliko kiti chochote cha enzi, lakini boriti haina nakshi, imepakwa chokaa na moshi, na hakuna makumbusho yatakayolipa nauli ya ndege kuipeleka Los Angeles.

Mfano mwengine ni kofia. Kila mgeni anayefika Oman leo anaambiwa kumma ni vazi la Oman, na ni kweli, wanaume wote wanaivaa, na kinamama wa Nizwa na Bahla wanaidarizi. Lakini mzee yeyote wa Unguja akiishika na kuziona zile tundu ndogo zilizozungushiwa uzi atakwambia hii ni kofia ya viua, ndugu yangu, na atakwambia pia mtaa uliokuwa na washonaji wake hodari. Vijana wetu wa Maskati hucheka wakisikia hivyo. Wanadhani babu anajivuna.

Hapa ndipo tunapofika kwenye majina. Katika vibao vya makumbusho, yale ya Marekani na hata yetu ya huku, tumekuta vipambo vya fedha vimeandikwa bangili, bangili, bangili. Bibi zetu walikuwa na kekee, ambayo ni bapa na pana, walikuwa na timbi, na vikuku, miguuni furungu na mitali, masikioni majasi. Kila kimoja kilikuwa na siku yake na umri wake. Mwali havai cha mwanamke aliyekwisha zaa. Masonara wa Oman waliyeyusha reale za Maria Theresa kupata fedha ya vipambo hivi, na vingi vilivyovaliwa Unguja vilitoka huko au vilifanywa na mafundi waliojifunza huko. Jina likipotea, kinachobaki ni uzito wa fedha, na kwa uzito wa fedha ndivyo vinavyouzwa sasa katika soko la Mutrah, tunaona kwa macho yetu.

Picha nazo. Kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa wapigaji picha wa mjini Unguja, kama vile Gomes na Coutinho, walipiga picha nyingi za wanawake na wasichana waliopambwa kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Nyingi ziligeuzwa kadi za posta zikauzwa kwa wasafiri. Chini yake imeandikwa "mwanamke wa Kiswahili" au "bibi wa Kiarabu", na jina lake halipo. Prita Meier ameandika kuhusu picha za namna hii, na linalojitokeza ni kwamba si kila aliyepambwa alikuwa mwenye mali. Baadhi ya wasichana wale walikuwa watumwa au wajakazi waliovishwa dhahabu ya nyumba ili nyumba ionekane. Familia zetu zinazo picha kama hizi. Tunajua za nani waliokaa vitini. Waliosimama nyuma je? Mara nyingi bibi alikuwa akiwajua kwa majina, na aliwaita kwa upendo, na hakuna aliyemuuliza. Ni khabari nzito kuizungumza, khasa kwa sisi ambao tumezoea kusimulia yaliyotupata 1964 na kunyamaza juu ya yaliyowapata wengine kabla ya hapo. Lakini mwenye kutaka jina la babu yake lihifadhiwe hawezi kuona vibaya jina la mjakazi likihifadhiwa kando yake.

Maonyesho yale yalisafiri miji mitatu, yote ya Marekani. Hayakufika Lamu, wala Unguja, wala Maskati. Sababu zinaeleweka: bima, gharama, hali ya hewa ya vyumba. Na majumba yenyewe yana matatizo yake. Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu moja tarehe 25 Disemba 2020, na ndani yake mlikuwamo mtepe ulioshonwa mwaka 2003 kwa ajili ya kuhifadhi ufundi ule wa kuunda chombo bila ya msumari. Kwa hivyo vitu vilivyotoka Fort Jesus na Lamu na Bait Al Zubair vikaenda kukutana Illinois, vikaagana Los Angeles, kila kimoja kikarudi kwao. Watoto wa Mwambao na wa Oman hawakuviona pamoja. Tungependa siku moja mkutano huo ufanyike kwetu, na tungependa zaidi vibao vyake viandikwe kwanza kwa lugha ambayo vitu hivyo viliitwa.

Yako mambo ambayo hayangojei siku hiyo. Hivi karibuni tulialikwa katika nyumba moja ya Maskati kutazama kasha. Ni kasha la njumu, limepigwa misumari ya shaba kwa mapambo, lina saraka tatu chini, na familia ilikuwa ikijitayarisha kulitoa kwa makumbusho. Vijana wa nyumba walikwisha kuliandikia karatasi: mandoos la Kiomani. Mama yao, aliyekuja nalo kutoka Unguja katika miaka ya sabini, aliliita kasha, na akasema mama yake alikuwa akiliita "la Surati". Wote watatu wana haki. Makasha ya namna hii mengi yalifanywa Bara Hindi, Surat na Bombay na Malabar, yakaletwa na majahazi Mwambao na Oman, na kila pwani ikalipa jina na kazi yake. Huku liliweka mahari ya bibi harusi, kule liliweka hati za shamba.

Tulipolifungua tulikuta karatasi imegandishwa upande wa ndani wa kifuniko. Kijana mkubwa wa nyumba, aliyesoma Kiarabu tangu skuli ya msingi, alijaribu kuisoma akashindwa. Herufi alizijua zote, maneno hakuyajua hata moja. Mama yake maneno angeyajua, lakini yeye alisoma kwa herufi za Kizungu tu. Kilikuwa ni Kiswahili kwa khati za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wetu barua, hesabu, wasia na tenzi kwa karne nyingi, na katika nyumba nzima yenye watu kumi na moja hapakuwa na mmoja aliyekuwa na vyote viwili, herufi na lugha. Nyumba kama hizo, kwa tunavyoziona, si chache. Watu wanazo barua za babu zao ndani ya mifuko ya plastiki na wanadhani ni dua.

Karatasi ile haikuwa dua. Ilikuwa hesabu ya matengenezo: misumari mipya, bawaba mbili, kufuli, na ujira wa siku tatu. Bei imeandikwa kwa rupia, kwa hivyo si baada ya 1935, kwani mwaka uliofuata Unguja iliingia katika shilingi. Mwisho pana jina la fundi, jina la baba yake, na mtaa wake Ng'ambo. Jina hilo hatulitaji hapa, kwa sababu wenye kasha wameahirisha kulitoa kwa makumbusho na wamepeleka khabari Unguja, wakiulizia kama fundi yule ameacha wajukuu.